Familia Mbili kwa Mstari Mmoja

Baba aliiweka karatasi mezani, akailaza kwa viganja viwili, akachukua rula yake ya chuma. Alipima kutoka ukingo wa juu hadi kwenye jina la kwanza upande wa kushoto, akapima upande wa kulia, kisha akarudia kana kwamba karatasi ingeweza kubadili usemi wake. Alipomaliza akavua miwani.

"Jina yetu imeshuka," alisema. "Milimetre tano."

Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi ya wiki ileile ujumbe wa familia ya mchumba wa dada yangu ulitazamiwa kuja nyumbani kwetu, mtaa wa Shituru, kupokea kadi za mwaliko wa harusi. Katika mazungumzo yote ya ndoa ile baba alikuwa ametoa sharti moja tu. Hakubishana kuhusu mahari. Hakubishana hata walipodai kwamba majina yao yachapwe upande wa kushoto, ambako jicho huanzia. Alisema tu kwamba majina ya familia mbili yakae kwa mstari mmoja, lao lisipande, letu lisishuke. Likishuka, hamtoi binti yake. Alilisema hilo mbele ya wajumbe wao, mbele ya mama, na mbele ya dada yangu mwenyewe aliyekuwa akipita na sinia ya vikombe. Baba hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili.

Kwa mgeni hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Lakini babu yangu alitoka mkoa wa mbali wa Kasai kuja huku kufanya kazi ya reli, na miaka michache kabla ya harusi ile watu wa asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa mjini. Walilala wiki baada ya wiki kwenye uwanja wa stesheni wakingoja mabehewa. Sisi hatukuondoka, kwa sababu mama ni wa hapahapa na kaka zake walikuja kukaa mlangoni petu kwa zamu. Kaka mkubwa wa baba aliondoka. Tangu siku hiyo hatukupata barua wala salamu. Posta yenyewe ilikuwa imekufa. Tuliobaki tulijifunza kutamka jina letu kwa sauti ndogo. Majirani walitusalimu vizuri, ila mimi nilikuwa nimeanza kupima hata salamu: hii ni ndefu kupita kawaida, ile ni fupi, huyu ametabasamu kwa nini?

Kwa hiyo milimita tano hazikunipita hivihivi. Na aliyeipanga kadi ile nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi na shahada ya hesabu, wakati ambao hakuna aliyehitaji hesabu. Kampuni ya migodi ilikuwa ikifunga idara moja baada ya nyingine. Baba mwenyewe, aliyechora mitambo kwa miaka mingi katika ofisi ya michoro, alibaki na rula yake na kiti cha barazani. Mimi nilipata kibarua katika secrétariat moja katikati ya mji, chumba kimoja chenye fotokopi, mashine mbili za kupiga chapa na kompyuta. Mwenye duka alisema kompyuta ile aliipata ofisi fulani ilipofungwa. Sikuuliza zaidi, yaani niliuliza mara tatu na sikujibiwa.

Tulikuwa wawili kwenye kompyuta. Aliyeandika maneno alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye vidole vyepesi na mkoba uliojaa vijitabu vya maombi. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Mimi nilipanga ukurasa. Hati za kuzaliwa, matangazo ya misa, programu za msiba, kadi za harusi: yeye aliandika, mimi niliweka kila kitu mahali pake.

Niliipenda kazi hiyo, na sikuiamini. Kwenye kioo cha kompyuta unachora kisanduku, maneno yanakaa ndani yake, kisha unakishika kisanduku kwa kipanya na kukiburuta unakotaka. Kuna mistari ya buluu unayoivuta kutoka ukingoni ili ikuongoze. Inaonekana kwenye kioo lakini haichapwi. Kisanduku kikiusogelea mstari wa buluu kinaurukia chenyewe, kama sindano inavyorukia sumaku. Na kama unataka vitu viwili viwe sawa, unavichagua vyote viwili, unafungua menyu, unaamuru Aligner, halafu Haut, na vinasimama kwa usawa wa juu. Nilichogundua baada ya miezi miwili ni kwamba havisogei vyote. Ulichokigusa mwisho kinatulia mahali pake, na ulichokigusa kwanza ndicho kinachokifuata. Nilimwonyesha yaya. Nilimwambia hata mashine ina upande wake.

"Weye universitaire," alisema bila kuacha kuandika, "unaona buchawi fasi yote. Siku moja utauliza juu ya nini kiti iko na miguu ine."

"Juu ya nini ine na si tatu?"

"Yesu wangu!"

Kadi ya dada yangu niliipanga kwa uangalifu kuliko kazi yoyote. Pete mbili juu katikati. Chini yake visanduku viwili: kushoto majina ya wazee wa familia ya bwana harusi, kulia majina ya wazee wetu, jina la baba likiwa la kwanza. Niliamuru Aligner, Haut. Kingo za visanduku zilikaa juu ya mstari uleule wa buluu. Niliikuza picha mara nne, hadi kingo zikajaza kioo, nikathibitisha kwa macho yangu. Halafu nikaichapa, nikaipeleka nyumbani, na baba akapima milimita tano.

Jumanne niliwahi kazini. Kwenye kioo kingo zilikuwa sawasawa. Nikaamuru usawa upya, nikachapa, nikapima kwa rula niliyoazima nyumbani. Tano. Nikajaribu kukipandisha kisanduku chetu kwa mkono. Kila nikikivuta kidogo, kilirukia mstari wa buluu na kurudi palepale. Sikujua namna ya kuiondoa ile sumaku. Kabla sijamaliza kujaribu, umeme ukakatika. Mwenye duka akatoka nje, akatazama juu kama kawaida yake, ungedhani bwawa la umeme la Mwadingusha liko angani, akarudi akisema tufunge.

Nikiwa mlangoni nikamwona mjomba wa bwana harusi akivuka barabara.

Huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wao: mtu mnene, mcheshi, mwenye depo ya unga karibu na soko na lori lililopeleka magunia hadi Kakanda. Wakati ule mwenye unga alikuwa mtu wa kusikilizwa. Alimpungia yaya mkono, naye yaya akajibu "Bwana asifiwe, papa," na kucheka. Nilimuuliza yaya wanajuana wapi.

"Tunasali kanisa moja. Ni kosa?"

"Anakujaka hapa?"

"Alikuja wiki yenye ilipita kufanya photocopie. Juu ya nini?"

Niligeukia kufuli ya mlango. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga mambo kichwani, na yalikaa kwa mstari vizuri mno. Mtu aliyedai upande wa kushoto na akaupata bila ubishi, kwa nini asidai na juu? Asiyeweza kudai jambo waziwazi atalipata kwa njia ya pembeni. Anamjua mwandishi. Anaingia hapa ninapokuwa sipo. Halafu jina la baba linashuka kwa kiasi kidogo ambacho mtu wa kawaida hakioni, lakini kila mgeni atakihisi bila kujua anahisi nini: hawa wapo juu, na wale, wenye jina lile, wapo chini kidogo.

Jumatano hapakuwa na umeme siku nzima. Nyumbani dada yangu aliniuliza mara mbili kama kadi iko tayari. Alikuwa ameshona nguo yake mwenyewe kwa kitambaa cha pazia jeupe, maana vitambaa vya harusi vilikuwa vimeadimika, na alikuwa akiipima mwilini kila alasiri kana kwamba alikuwa na shaka nayo. Nilimwambia kuna mtu anaichezea kadi.

"Nani?"

"Nitajua."

"Weye tengeneza tu," alisema. "Tafadhali. Usitafute muntu. Tengeneza."

Alhamisi umeme ulirudi saa nne. Yaya alikuwa amekwenda kununua karatasi. Nilifungua kadi, nikabonyeza ndani ya kisanduku chetu, mbele ya herufi ya kwanza ya jina la baba, na bila kusudi maalumu nikagusa kitufe cha mshale wa juu. Kile kijiti kinachopepesa, kinachoonyesha mahali utakapoandika, kingepaswa kubaki pale pale. Juu ya mstari wa kwanza hakuna mahali pa kwenda. Kikapanda. Kikasimama juu ya jina la baba, kikipepesa mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kulikuwa na mstari mtupu. Mtu alikuwa ameacha nafasi ya jina moja kabla ya majina yetu. Mashine haikusema uongo: ilisawazisha visanduku, si maneno, na kisanduku chetu kilianza na utupu. Kwenye kioo kingo zilikuwa sawa, na mimi nilikuwa nikitazama kingo, si majina. Kwenye karatasi, ambako kingo hazichapwi, tulikuwa chini.

Yaya aliporudi nilikuwa nimesimama.

"Nani aliacha huu mstari?"

Alitazama kioo, akaweka karatasi chini polepole. "Minye."

"Kwa kukosea?"

"Hapana. Niliombwa."

"Na nani?"

"Na muntu mukubwa. Aliniomba kwa heshima, nikaona haiko mubaya. Alinikataza kukuambia."

"Mtu mkubwa wa kanisani kwenu?"

Hapo alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, nikaisoma kama hatia. "Sitasema kintu ingine," alisema. "Nilitoa neno yangu. Weye uko na masomo, fikiri."

Nilifikiri kwa muda wa kufuta mstari ule na kuchapa kadi mpya. Nilipima: sifuri. Nikaziweka kadi mbili, ya zamani na mpya, ndani ya bahasha moja, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye depo ya unga.

Kulikuwa na foleni ya wanawake wenye mabeseni. Mjomba wa bwana harusi alikuwa ameketi nyuma ya mizani, mweupe wa vumbi la unga hadi kwenye nyusi. Alifurahi kuniona.

"Ah, beau-frère, shemeji yetu! Kuya, kuya. Kadi imetoka?"

Nilizilaza kadi mbili juu ya gunia. Nilimweleza mambo ya kisanduku, ya mstari mtupu, ya mwandishi anayesali naye. Nilisema kwa utaratibu, kama mtu anayethibitisha fomula ubaoni. Mwishoni nikasema, "Mlitaka tukae chini yenu, lakini mlikosa ujasiri wa kulisema mbele ya baba."

Wanawake walikuwa wameshusha mabeseni yao. Yeye aliitazama kadi ya kwanza, akaigeuza nyuma, akaitazama mbele tena, akaanza kucheka.

"Sikieni, bamama! Minye ni muizi wa mistari! Bangine banaiba shaba, bangine banaiba waya ya courant. Minye ninaiba fasi yenye haina kintu!"

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Papa, uibe na ya kwangu, iko mingi kwa nyumba." Nami nilisimama pale, masikio yanawaka, nikijiambia kwamba mtu asiye na hatia asingekuwa na haraka ya kuchekesha watu.

Kicheko chake kiliisha ghafla. Alinirudishia kadi zote mbili.

"Mutoto, nilikaa kwa nyumba yenu. Nilikula bukari ya mama yako. Nilisema na baba yako kama muntu na muntu. Leo unakuya kuniita muongo mbele ya bantu yangu. Ni yeye alikutuma?"

"Hapana."

"Alors hamutatuona hii Jumamosi. Mpaka muntu mukubwa wa kwenu akuye kunieleza hii maneno inatoka wapi."

Habari zilifika nyumbani Ijumaa asubuhi kwa mdomo wa mchumba mwenyewe. Alikuwa fundi wa umeme kiwandani, kijana mpole asiyependa kukaa katikati ya watu. Alimwambia dada yangu uani, akiwa bado ameshika baiskeli yake, akaondoka bila kunitazama. Dada yangu aliingia ndani na ile nguo nyeupe mkononi.

"Umefurahi?" aliniuliza. "Umemupata muntu yako?"

"Kuna aliyeacha ule mstari. Haukujiacha wenyewe."

"Weye na masomo yako! Ungekuwa kwa arusi ya Kana ungeuliza mayi ilitoka kisima gani!"

Mama alituambia tunyamaze. Baba alikuwa ameketi na kadi mbili mbele yake, ile iliyoshuka na ile iliyo sawa. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa kwenye mkeka wake karibu na mlango akichambua maharage. Alikuwa mdogo wa mwili, na watu walikuwa wakimsahau chumbani. Aliomba aonyeshwe. Baba akampa zote mbili.

Alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Masista walimfundisha kusoma alipokuwa msichana. Kwenye kadi ya kwanza kidole chake kilitua juu ya jina la baba, mahali patupu, kikakaa hapo. Kisha akaichukua kadi ya pili. Kidole kilitafuta mahali palepale na kukuta jina.

"Nani alitoa fasi ya mutoto wangu?" aliuliza.

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Mimi ndiye niliyeelewa kwanza, na nilitamani nisingekuwa wa kwanza.

Alieleza bila kujitetea. Alikuwa ametembea hadi mjini, peke yake, siku ambayo sisi wote tulidhani yuko misani. Alimwomba yaya, mimi nikiwa nimetoka, aache mstari mmoja mtupu juu ya majina yetu. Kadi zikishachapwa angezipitia moja moja, kwa kalamu, na kuandika jina la mwanawe wa kwanza, yule aliyeondoka, kwa mkono wake. Kwetu mkubwa ndiye anayealika. Mdogo hawezi kualika watu na mkubwa wake yupo. Alijua baba angekataa, kwa hiyo hakumwuliza.

"Mama," baba alisema, "hatujue kama eko muzima."

"Weye haujue."

"Na weye unajua?"

"Minye njo nilimuzaa."

"Muntu mwenye alikufa haalike bantu kwa arusi. Itakuwa mukosi kwa mutoto. Na kama eko muzima, ile jina yake..." Baba alisita, akatazama dirisha lililo wazi. "Kila muntu akisoma atajua siye ni nani."

"Banajua," bibi alisema. "Ni weye tu unafikiri habajue."

Nilitaka kuuliza. Je, alikuwa amepata habari kwa siri? Kuna aliyerudi na kumwambia kitu? Au alikuwa akiandika jina la mtu ambaye moyoni alishamzika, ili apate kulisikia likisomwa kwa sauti mara moja tu? Nilimkazia macho kama nilivyomkazia yaya, naye akaendelea kuchambua maharage.

Baba alizichukua kadi mbili kutoka mapajani mwa bibi. Kisha akavaa koti lake la kazini, la enzi za ofisi ya michoro, akaniambia, "Twende."

Kwenye secrétariat, yaya alimsalimu baba kwa kupiga goti kidogo, na mimi hakunisalimu. Nilimwomba msamaha mbele ya baba. Alisema, "Kaa, fanya kazi. Courant itakatika." Nilifungua kadi, nikaurudisha mstari, na baba akalitamka jina la kaka yake herufi kwa herufi, kama mtu anayemtajia karani wa polisi. Lilipokaa juu, la baba lilishuka. Aliomba nichape, akatoa rula mfukoni.

"Milimetre tano," alisema. "Bon."

Nilimkumbusha kwamba sasa jina lake yeye, baba wa bibi harusi, lilikuwa chini ya jina la kwanza la upande wao. Ndilo jambo alilokataa tangu mwanzo.

"Ninakaa chini ya mukubwa wangu," alisema. "Si chini yabo. Weye hauone tofauti?"

Nilisema naiona. Kwenye karatasi tofauti haikuwapo.

Kutoka pale tulikwenda depo. Baba hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alimpa mjomba wa bwana harusi kadi, akasema mwanawe amekosa, na kosa la mtoto ni lake. Alieleza mstari ulitoka wapi. Wanawake wa foleni walisikiliza; safari hii hakuna aliyechekesha. Yule mtu alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuishika kadi.

"Huyu wa kwanza njo mukubwa wako?"

"Ndiyo."

"Eko wapi?"

"Alikwendaka na train."

Mjomba wa bwana harusi alitazama mizani yake. Nilijaribu kuusoma uso wake: je, alikuwa mmoja wa waliosimama kando ya njia siku zile wakiangalia watu wakibeba magodoro kwenda stesheni? Alikuwa ameshangilia? Alikuwa amemficha mtu? Sikuweza kusoma chochote; ulikuwa uso wenye unga.

"Hatuwezi kukatalia muntu mukubwa wake," alisema mwishowe. "Tutakuya kesho. Lakini huyu mutoto," na akaninyooshea kidole, "ye mwenyewe atapeleka kadi zote za upande wetu. Kwa miguu. Nyumba kwa nyumba. Bamuone sura, bajue njo ye aliniita muizi."

Baba alikubali kabla sijafungua mdomo.

Walikuja Jumamosi. Kadi ilisomwa kwa sauti mbele ya familia zote mbili, na jina la baba mkubwa lilipotajwa bibi aliinua kichwa tu, akarudi kutazama mikono yake. Mchumba alinipa mkono. Dada yangu hakusema nami hadi jioni, aliposema, "Kesho uvae viatu mzuri, utatembea."

Jumapili nilizunguka Shituru na Kikula na bahasha ya kadi. Katika kila nyumba niliyaona macho yakianzia kushoto, yakivuka kwenda kulia, yakisimama kwenye jina la kwanza la upande wetu. Wengine walisoma haraka na kusema asante. Mzee mmoja aliirudisha kadi mkononi mwangu, akasema harusi siku hiyo haitamfaa, ana safari. Nilimuuliza safari ya wapi. Akafunga mlango. Nyumba nyingine walinikaribisha maji, wakaniuliza kwa kicheko kama kweli mimi ndiye niliyemshitaki mjomba wao kwa ajili ya mstari.

Kikula, karibu na mwisho wa orodha, nilifika kwa shangazi wa bwana harusi kwa ndoa, mjane aliyeuza sabuni barazani. Alisoma kadi akiwa amesimama. Alipofika upande wetu alikaa.

"Huyu," alisema, na kuweka kidole kwenye jina la baba mkubwa. "Weye ni nani kwake?"

"Mtoto wa mdogo wake."

Alinitazama toka viatu hadi kichwa. "Minye ni wa kule Kasai pia. Bwana yangu alikuwa wa hapa, lakini wenye kutufukuza hawakuuliza. Nilipanda wagon moja na huyu muzee. Siku mingi. Mi nilirudi nyuma ya mwaka moja, juu ya batoto."

Mabonge ya sabuni yalikuwa yamepangwa mbele yake juu ya gazeti, matatu matatu. Yeye aliyaangalia, nami nikayaangalia.

"Nani alimuandika?" aliuliza.

"Bibi. Mama yake."

"Njo ye alisema aandikwe hivi? Juu, kama muntu muzima?"

"Ndiyo, mama."

Alitikisa kichwa polepole, na sikuweza kujua kama ni kukubali au kusikitika. Alikunja kadi mara moja, akaitia kifuani mwa blauzi yake.

"Haunaulize kintu?" alisema.

Maswali yote yalikuwapo, yamejipanga. Stesheni gani? Alishuka kwa miguu yake? Alikuwa na nani? Nilikuwa nimemtuhumu mwandishi, mfanyabiashara wa unga na mashine kwa sababu ya nafasi tupu ya milimita tano, na mbele yangu alikuwa ameketi mtu pekee aliyeweza kuniambia kilichokuwa ndani yake. Bibi alikuwa akinisubiri nyumbani nimweleze nani amepokea, nani amekataa. Angeniuliza, na uso wangu haujawahi kujua kuficha.

"Hapana, mama," nilisema. "Ni kadi tu."

"Mwambie bibi yako tutakuya," alisema. "Mwambie mi nitakaa karibu naye."

Nilimshukuru, nikamwendea mwenye nyumba ya pili aliyekuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, na nikampa kadi yake.